Kazi Ikilala: Mhadhara juu ya Usalama wa Barabara Zinazojengwa

Nimeombwa nizungumze nanyi hapa Burat juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu amelishuhudia kwa macho yake, na huenda kwa sababu hiyohiyo ya kulizoea hajapata wasaa wa kulitia katika mizani ya fikra, nalo ni hatari iliyomo katika barabara ambayo ingali mikononi mwa wajenzi wake. Katika miji mingine mhadhiri angelazimika kwanza kuonyesha kwamba jambo hili lina uzito. Lakini watu wa Isiolo, ambao mji wao ni kizingiti cha nchi yote ya kaskazini, na ambao tangu zama za ukoloni, nchi hiyo ilipokuwa haiingiwi ila kwa kibali cha serikali, wamezoea kuyaona magari ya Marsabit na Moyale, ya Wajir na Mandera, yakipita mbele ya milango yao, hawana haja ya dibaji ndefu.

Basi historia nitaitaja kwa ufupi. Safari ya Isiolo hadi Moyale, masafa yapatayo kilomita 500, ilikuwa zamani ni ya siku mbili au tatu, na wakati wa masika siku zisizo na hesabu, abiria wameketi juu ya malori ya mifugo, vumbi limewageuza rangi, na msafara ukisindikizwa na askari kwa hofu ya wanyang'anyi. Lami ilianza kusogea kutoka Isiolo kuelekea mto Merille, ikapanda Marsabit, ikavuka jangwa hadi Turbi na Moyale, na kufikia mwaka 2017 kazi hiyo ilikuwa imekwisha, na zile siku zikageuka kuwa saa. Sasa ni zamu ya upande wa mashariki: barabara ya Isiolo kwenda Mandera kwa njia ya Kula Mawe, Modogashe, Wajir na Elwak, zaidi ya kilomita 700, ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za sehemu zake mwaka 2020. Watu wa hapa, kwa hiyo, wameishi kandokando ya kazi ya barabara kwa miaka mingi, na wataendelea kuishi hivyo. Na mtoto aliyezaliwa wakati greda la kwanza lilipoelekea Merille leo ni kijana mwenye bodaboda yake.

Kazi za namna hii zimekuwa zikila watu tangu kale, nasi wanadamu tuna tabia ya ajabu katika kuwakumbuka. Reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa Viktoria, iliyojengwa baina ya 1896 na 1901, iliwaua wafanyakazi wapatao 2,500 waliotoka Bara Hindi, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Na katika maelfu hayo, wanaojulikana duniani ni wale wachache walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898, kwa kuwa simba ni habari ya kusimulia, ilhali homa, na kuhara damu, na jiwe lililoporomoka, na behewa lililoponyoka, si habari. Hali ni hiyohiyo leo. Kibarua akigongwa na tipa la kampuni yake mwenyewe, waliobaki huchangishana nauli ya kuupeleka mwili kwao, hunena kwamba ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na kesho yake asubuhi mwingine amekwisha simama mahali pake. Mimi sina ugomvi na kudura. Nina ugomvi na dereva wa tipa aliyerudi nyuma bila mtu wa kumwongoza, na msimamizi aliyemruhusu.

Ingekuwa vema tuanze na dhana moja iliyowakaa watu wengi, kwamba habari ya usalama mahali pa ujenzi ni habari ya mfanyakazi peke yake, na kwamba dereva anapoombwa apunguze mwendo anaombwa ihsani. Huko Marekani, ambako vifo hivi huhesabiwa mbali na vingine, watu zaidi ya 800 hufa kila mwaka katika sehemu za barabara zinazotengenezwa, na katika kila watano wanaokufa, wanne ni madereva na abiria. Yule aliyemo ndani ya gari, mwenye kioo na mkanda na honi, ndiye afaye zaidi, kwa sababu yeye ndiye mgeni; mfanyakazi anajua lilipo shimo, naye dereva hulijua akiisha lifikia. Koni zile na vibao vile, basi, vimewekwa kwanza kwa ajili yake yeye anayevitukana kwa kumchelewesha.

Mtazameni sasa mshika bendera. Aghalabu ni dada au mama wa mahali hapahapa, aliyeajiriwa kwa kutwa, amevaa fulana ya rangi ya machungwa ambayo vumbi limekwisha ifuta mng'ao, amejifunga leso usoni mpaka chini ya macho, na mkononi ana fimbo mbili, moja ina kitambaa chekundu na moja cha kijani. Hana cheo wala silaha, na tangu asubuhi hajaketi; lakini trela la zaidi ya tani 50 linatakiwa lisimame kwa kutikiswa kitambaa chake. Elimu ya kazi yake si nyingi kwa maneno. Asimame penye bega la barabara, asisimame katikati ya njia ya magari. Ayaelekee magari, wala asiyape mgongo hata kwa kuitika salamu. Awe mbali na mitambo, mbele yake, ili aonekane yeye kwanza kabla ya greda. Awe na upenyo wa kukimbilia nyuma yake, asisimame akiwa amezibwa na rundo la kokoto. Na mwenzake wa upande wa pili wawe wanaonana, au wanasemezana kwa redio, na pakiwa na kona inayowaficha pawekwe mtu wa tatu. Tena asisimame kivulini, kwa kuwa dereva atokaye katika jua kali haoni kilichomo kivulini. Hapo ndipo taabu ilipo, maana jua la Isiolo mnalijua, na kumwambia mtu asimame humo tangu saa mbili hadi saa kumi na moja bila maji na bila zamu ya kupumzika ni kumsukuma aende kivulini na kumkemea kwa mdomo huohuo. Mimi ningeandika mwavuli na dumu la maji katika orodha ya vifaa vya usalama, juu ya mstari wa kofia ngumu.

Kwa upande wa dereva, jambo ni hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho waliowekewa matatu na mabasi kwa zile kanuni za marehemu waziri John Michuki zilizoanza kushika nguvu mwaka 2004, hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu hukawia sekunde moja na nusu hivi baina ya kuona na kukanyaga breki, na katika muda huo amekwisha pita mita 33 bila gari kupungua hata chembe. Kisha breki zenyewe, juu ya lami kavu na matairi mazuri, zitataka mita nyingine 35 au zaidi. Jumla ni mita 70 hivi kwa hali iliyo bora kabisa, na juu ya moramu iliyolegea, ambayo ndiyo hali ya njia ya mchepuko, au kwa lori lililobeba saruji, masafa hayo hurefuka sana. Madhali ni hivyo, kibao cha kwanza cha kuonya kikiwekwa hatua 30 kutoka kwenye shimo, hicho si onyo. Ni ushahidi tu wa kuonyeshwa polisi baadaye. Mahali pa kazi huanzia pale dereva anapopaswa kuamua, mamia ya mita kabla ya sepetu ya kwanza, na baada ya onyo lazima koni zimsogeze kidogokidogo, kwa mshazari mrefu, kisha pawe na nafasi tupu isiyo na mtu wala mtambo, ili yule atakayekosea asimkute mtu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia nne hivi. Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba ukipunguza mwendo kidogo haisaidii kitu.

Yako mambo mengine ya mchana ambayo nitayapitia upesi. Lami ya moto hufika joto la nyuzi 150 na zaidi. Ikimrukia mtu mkononi, mkono utiwe majini papo hapo na usitolewe upesi, na ile lami iliyogandamana isibanduliwe, kwa kuwa itaondoka na ngozi, bali aachiwe daktari. Vumbi la kokoto likivutwa miaka mingi huharibu mapafu kwa namna isiyoponyeka, na dawa yake ni bauza la maji kupita mara kwa mara, jambo ambalo pia humrudishia dereva macho yake. Na mitambo ya kampuni yenyewe ni hasimu wa mfanyakazi kwa kadiri ambayo wengi hawadhani: sehemu kubwa ya wanaokanyagwa mahali pa kazi hukanyagwa na tipa au rola linalorudi nyuma, ilhali dereva wake, aliyeketi juu kabisa, hamwoni kabisa mtu aliyeinama nyuma ya gurudumu akipanga mawe.

Iko habari moja ya mbali ambayo naitaja kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vibao haviwezi kulitibu. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, katika mji wa Baltimore huko Marekani, meli kubwa ya makasha iitwayo Dali ilipotewa na nguvu za umeme ikaelekea nguzo ya daraja. Rubani wa meli alitoa habari, polisi wakayazuia magari yasipande darajani, na madereva wakaokoka. Lakini juu ya daraja walikuwako vibarua wakiziba mashimo, wahamiaji kutoka Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na habari ile haikuwafikia. Meli ikaigonga nguzo, daraja likaanguka, na sita wakafa. Waliokuwa wakipita walikumbukwa kwa muda wa dakika moja au mbili zilizokuwapo, na waliokuwa wakifanya kazi hapo walisahauliwa, si kwa uovu wa mtu, bali kwa kuwa hapakuwa na njia iliyopangwa mapema ya kuwaita. Na hapa kwetu, penye mto wa msimu ambao mvua ikinyesha milimani hushuka maji kwa ghafula hali mbingu ya hapa ni kavu, mkandarasi anayechimba msingi wa karavati ndani ya korongo anapaswa kuulizwa swali hilohilo: ni nani atakayepiga simu, na ni nani atakayeipokea?

Nimezungumza juu ya mchana, nao mchana una watu, na penye watu pana macho. Lakini kwa maoni yangu, mahali pa ujenzi pana hatari zaidi wajenzi wakiwa hawapo kuliko wakiwapo. Saa kumi na moja jioni king'ora hulia, mshika bendera hukunja vitambaa vyake, koni hukusanywa zisije zikaibwa, na barabara huachwa kama ilivyo: nusu yake imechimbwa, nusu yake ina rundo la moramu, na baina ya nusu mbili kuna ukingo wa lami wenye kimo cha shubiri. Badala ya taa huwekwa safu ya mawe makubwa. Kila dereva wa Kenya anayafahamu mawe haya. Mchana hufunga njia barabara, wala hapana wa kuyapita. Usiku huwa na rangi ileile ya udongo, hayana mng'ao, na yule aendaye na taa zilizoinamishwa, ambazo humwangazia mita 40 au 60 tu, akiwa katika mwendo wa kilomita 80 ambao tumekwisha ona unahitaji mita 70, atayagonga kabla ya breki kumaliza kazi yake. Yaani mwendo wake umeshinda macho yake, na mkandarasi amelitumia jiwe mahali pa taa.

Nami sitakuwa mwadilifu nikiwalaumu wakandarasi peke yao. Dereva wa lori aliyeharibikiwa usiku huweka matawi ya miti nyuma yake, na matawi yale ni lugha ambayo watu wote wa barabara hii wanaielewa. Lakini gari likiisha tengenezwa huondoka, na yale mawe aliyozuilia magurudumu huyaacha palepale katikati ya njia, amana mbaya kwa ajaye nyuma. Sheria inamtaka awe na pembetatu mbili nyekundu zenye kung'aa. Wengi wanazo, zimekaa chini ya kiti, na hutolewa polisi akiziuliza. Tena wako wanaong'oa vibao vya chuma na kuviuza kwa uzito kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, biashara ambayo serikali iliisimamisha kwa muda mwezi wa Januari 2022, wizi wa mali za umma ulipozidi, na hasa baada ya nguzo za umeme kuanguka. Mtu aliyeuza kibao cha mchepuko amepata shilingi chache. Sitaki kukadiria mnunuzi wa mwisho amelipa nini.

Hata kile kinachowekwa kwa nia ya kuokoa huweza kuua kisipoonekana gizani. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, huko Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali ya kuwaka lilipoteza mwelekeo penye matuta, likayagonga magari mengine, moto ukalipuka, na watu wapatao 40 wakafa, baadhi yao wakiwa askari. Matuta yale yalilaumiwa, kisha yakaondolewa. Tuta ni kitu kizuri, na hapa mitaani watoto wetu wanalihitaji. Lakini tuta bila rangi na bila kibao ni mtego.

Uko usiku mrefu zaidi kuliko huu wa saa kumi na mbili. Ni ule ambao mkandarasi hajalipwa, akaondoa mitambo yake, na kazi ikalala miezi au miaka. Wakenya wanaijua hali hii: madeni ya wakandarasi wa barabara yalikua hata serikali ikalazimika mwaka 2025 kuweka rehani shilingi 7 katika kila lita ya mafuta, kutoka katika ushuru wa matengenezo ya barabara wa shilingi 25, ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa. Wanasiasa walibishana juu ya fedha hizo kwa upande wa fedha. Nilitamani mmoja wao aulize juu ya mitaro iliyoachwa wazi, na michepuko ambayo vibao vyake vimeanguka na hapana wa kuvisimamisha, kwa kuwa mwenye kazi ameondoka na mwenye barabara anasema bado hajakabidhiwa.

Na yako mashimo. Mlioko hapa mnajua ya kwamba barabara ya moramu hutoka katika shimo la moramu, na kwamba mkandarasi akiisha chukua anachokitaka anapaswa kulifukia au kuilaza miteremko yake ili kinachoingia kiweze kutoka. Asipofanya hivyo mvua hulijaza, na katika nchi kame maji yaliyosimama huita kila chenye roho: mbuzi, ndama, na watoto wanaotumwa kuchota. Kingo zake zimesimama wima. Wengine husema shimo limekuwa bwawa na ni baraka. Huenda likawa hivyo, likichongwa, likizungushiwa miiba, na kuachiwa mlango mmoja wenye mteremko mpole, nalo si jambo la gharama kwa mtu ambaye greda lake bado liko hapo. Mbali na watoto kuna mifugo wenyewe, ambao njia zao za kwenda majini ni za kale kuliko ramani ya mhandisi. Ngamia akivuka usiku penye ujenzi haonekani hata macho yake, kwa kuwa kichwa chake kiko juu ya mwanga wa taa; gari humkata miguu, na mwili wake wote huangukia kioo. Mhandisi angewauliza wafugaji kabla ya kuchagua mahali pa mchepuko, angepewa habari ambayo haimo katika vipimo vyake, na kibao chake akikiandika kwa Kiswahili na kwa picha, kitasomwa na wengi kuliko kile cha Kiingereza.

Sasa niseme juu ya haki, kwa kuwa kibarua wa kutwa mara nyingi hudhani hana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamhesabu mfanyakazi bila kuuliza kama analipwa kwa mwezi au kwa jioni. Inampa ruhusa ya kuondoka mahali penye hatari iliyo dhahiri akiisha mwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi hatari ikiwa bado ipo. Mtu akifa kazini, habari ifike kwa afisa wa serikali katika muda wa saa 24. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, inamwekea aliyelemaa kabisa fidia ya mishahara ya miezi 96. Sheria hii ilipingwa mahakamani kwa miaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha mwishoni mwa 2019. Basi kibarua na aandike jina lake katika daftari kila asubuhi, wala asikubali kuitwa kwa kidole, kwa kuwa daftari ndilo litakalotoa ushahidi siku ambayo ulimi wake hautaweza.

Na nyinyi msio vibarua wala madereva mna mlango wenu pia, ambao watu wachache huugonga. Katika masharti ya kawaida ya ujenzi wa barabara na madaraja, yaliyotolewa na wizara mwaka 1986 na kutumika katika mikataba ya nchi hii kwa miongo mingi, sehemu ya 9 nzima imehusu kuyapitisha magari wakati wa kazi: michepuko, matunzo yake, kumwagia maji, vibao, taa za usiku na washika bendera. Katika hesabu ya mkataba sehemu hiyo huwa na bei yake. Kwa maneno mengine, ile taa ambayo haikuwekwa penye yale mawe imekwisha kununuliwa kwa fedha zenu. Mhandisi mkaazi ndiye anayetia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa kwa kila kifungu, na yeye ana ofisi, na jina la mradi wake liko katika kibao kikubwa penye mwanzo wa barabara. Mwandikieni. Muulizeni chini ya sehemu hiyo ya 9 pameandikwa taa ngapi na walinzi wangapi wa usiku, na mashimo ya moramu yatafukiwa lini. Nakala moja mpelekeeni chifu, na moja mwakilishi wa wadi ya Burat, na barua hiyo itoke kabla ya mvua za vuli.